Alama haichukui nafasi ya jina

Wengi huamini kwamba alama ikivutia, jina la kisanii halina kazi tena. Si kweli. Mwaka 1993 Prince, mwanamuziki wa Marekani, aliacha jina lake akatumia mchoro usiotamkika. Alikuwa akigombana na kampuni iliyomrekodi, na uchungu wake nauelewa. Lakini magazeti hayakuwa na herufi hiyo. Ikabidi yapelekewe disketi zenye mchoro, na watangazaji wakaishia kumwita "msanii aliyejulikana zamani kama Prince". Mwaka 2000 alilirudia jina.

Sasa mtazame Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani. Alama aliyotia kwenye kazi zake ni A pana, na D ndogo imekaa katikati ya miguu yake. Alama hiyo imezaliwa na jina. Tafuta kwanza jina linalotamkika, ndipo uchore.