Matthew Lukwiya, daktari aliyeitambua Ebola mapema Gulu

Watu wakitaja Waacholi, kabila la kaskazini mwa Uganda, walioingia kwenye historia, majina huja haraka: Jenerali Tito Okello, Alice Lakwena, Askofu Mkuu Janani Luwum, mshairi Okot p'Bitek. Mimi kazi yangu ni kufundisha wahudumu wa afya kudhibiti magonjwa ya mlipuko, na huanza na daktari kutoka Kitgum, Matthew Lukwiya.

Alizaliwa 1957. Baba yake alikufa maji yeye akiwa bado mtoto, mama akamlea kwa biashara ndogondogo. Mwaka 1983 alikwenda Hospitali ya St. Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kufanya mafunzo ya vitendo, na hakuihama tena. Ijumaa Kuu ya 1989 waasi walipokuja kuteka masista, aliwaomba wamchukue yeye badala yao, akakaa nao porini wiki nzima. Baadaye alisomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto kule Liverpool. Walimtaka abaki kufundisha. Akarudi Gulu, na vita vya waasi na serikali havijaisha.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni. Akapigiwa simu kutoka Lacor: kuna ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wa uuguzi wanakufa. Alifunga safari siku hiyohiyo. Usiku ule yeye na Sista Maria Di Santo walikaa na mafaili ya wagonjwa, wakayapitia moja baada ya jingine, wakapata 17 wenye dalili zinazofanana.

Hapo ndipo ninapowataka wanafunzi wangu watulie. Siku za mwanzo Ebola haitofautiani na malaria: homa, kichwa, kutapika. Gulu malaria ni ya kila siku, kwa hiyo ukimtazama mgonjwa mmoja mmoja huoni kitu. Ugonjwa ulionekana mafaili yalipowekwa pamoja. Lukwiya hakungoja majibu ya maabara ya Afrika Kusini. Alichukua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa, akawavalisha wauguzi glavu, barakoa na magauni. Majibu yalipotoka katikati ya Oktoba, wodi ilikuwa inafanya kazi tayari. Virusi vile vya aina ya Sudan havikuwa na chanjo wala dawa, na vinapita kwenye damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Kinga pekee ilikuwa hiyo: mtenge mgonjwa, mlinde anayemhudumia.

Hata hivyo wahudumu waliendelea kufa, na mwishoni mwa Novemba wenzao walikata tamaa, wakasimamisha kazi. Lukwiya alikutana nao ukumbini, akawaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki. Wakarudi wodini.

Mwezi huohuo, usiku mmoja, muuguzi aliyekuwa amelazwa alianza kuvuja damu nyingi akihangaika. Lukwiya aliitwa kutoka usingizini, akavaa barakoa, gauni na glavu, lakini hakuvaa miwani ya kinga. Inaaminika aliambukizwa hapo. Alifariki 5 Desemba 2000, akazikwa ndani ya uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Dkt. Lucille Teasdale, mmoja wa walioijenga Lacor.

Mlipuko ulitangazwa kwisha Februari 2001. Waliougua ni 425, waliokufa 224, na wodi zile zikafungwa bila ugonjwa kuienea Uganda nzima.