Picha za Santa Croce hazihitaji kupakwa rangi upya

Nawatembeza watu Florence kwa miguu, na kila kundi likifika kanisa la Santa Croce anatokea mtu wa kuuliza mbona picha zimefifia hivi, na kwa nini wasiite mchoraji hodari azipake upya. Wiki hii swali limerudi, na safari hii aliyeuliza alisema wazi kwamba Waitalia ni wazembe. Nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama huku kundi la nyuma likitusukuma, kwa hiyo naliandika hapa.

Picha hizi ni fresko, na fresko si rangi iliyopakwa juu ya ukuta. Fundi hupiga lipu nzito ya chokaa na mchanga, akaiacha ikauke. Juu yake hupiga lipu ya mwisho, nyembamba na laini, kwa eneo lile tu atakaloweza kulimaliza siku hiyo, kisha huchora ingali mbichi. Rangi yenyewe ni unga wa udongo na madini uliokorogwa kwa maji matupu, bila gundi wala yai. Chokaa inapokauka hufyonza kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, na ule unga hunaswa humo humo. Ukimpelekea msanii wa leo brashi na kopo la rangi, atafunika tu. Hawezi kuingia ndani ya lipu iliyokauka karne saba zilizopita.

Kazi huanzia juu kushuka, ili matone yasichafue kilichokwisha. Mwanga ukipiga ukuta kwa mshazari utaona mishono, pale lipu ya jana ilipokatwa kwa mwiko na ya leo ikaanza. Anga pana huweza kumalizwa kwa siku moja, na uso wa mtu mmoja nao ukala siku nzima. Buluu ina kesi yake: azuriti, madini yanayotoa rangi hiyo, haipatani na chokaa mbichi, kwa hiyo ilipakwa baadaye kwa gundi, nayo ndiyo hubanduka kwanza. Ukiona vazi la Bikira Maria limebaki kijivu, sababu ni hiyo.

Sasa simama kulia kwa altare kuu ya Santa Croce. Mbele yako una vikanisa viwili vilivyopakana, cha Bardi na cha Peruzzi, vyote kazi ya mchoraji Giotto na wasaidizi wake, mwanzoni mwa karne ya 14. Kwa Bardi, alikochora maisha ya Mtakatifu Fransisko, nyuso bado zina nguvu, kwa kuwa sehemu kubwa ilichorwa kwenye lipu mbichi. Kwa Peruzzi alichora zaidi kwenye lipu kavu, na leo watu wamebaki kama vivuli. Jengo ni hilo hilo na unyevu ni huo huo. Uzembe uko wapi hapo? Mwaka 2010 wataalamu walimulika Peruzzi kwa mwanga wa urujuanimno, na mikunjo ya nguo na nyuso ambazo jicho halizioni tena zikajitokeza. Kwa nini alichagua lipu kavu? Mara nyingi husemwa ni kwa ajili ya haraka. Maelezo hayo hayaniridhishi, maana mtu aliyeijua chokaa kiasi kile alijua pia atakachopoteza.

Na hao wanaotaka zipakwe upya wajue kwamba zilishapakwa. Katika karne ya 18 kuta hizi zilifunikwa kwa chokaa nyeupe. Zilipofunuliwa katikati ya karne ya 19, mrekebishaji picha Gaetano Bianchi alijaza mapengo ya Bardi kwa mkono wake, hata watu kamili, kichwa hadi miguu, akawachora upya, na wageni wakamsifu Giotto huku wakitazama kazi ya Bianchi! Karne iliyofuata nyongeza hizo ziliondolewa. Ndiyo maana katika tukio la kifo cha Fransisko kuna pengo tupu lenye umbo la kaburi: mnara wa kaburi ulikuwa umebandikwa pale pale, juu ya picha.

Pengo hilo linanisumbua. Linasema kweli, lakini linavuta jicho kuliko Fransisko mwenyewe. Kuna njia nyingine humo humo kanisani, kwenye msalaba wa mbao uliochorwa na Cimabue, mchoraji aliyemtangulia Giotto, ulioharibiwa na mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1966. Sehemu zilizopotea zilijazwa vistari vyembamba vya rangi. Ukiwa mbali vinaungana na picha, ukisogea unavitambua kuwa si vya Cimabue. Kuna siku naona Bardi nayo ingestahili kufanyiwa hivyo, na kuna siku naogopa kwamba tungekuwa tunamrudisha Bianchi kwa mlango wa nyuma. Wenzangu wawili ninaowaheshimu hawakubaliani juu ya hili, nami bado sijaamua niko upande wa nani.