Valpolicella: zabibu zilezile, mvinyo wa aina nne

Ukisimama mbele ya rafu ya mvinyo wa Italia, jina Valpolicella linaweza kukuchanganya. Chupa moja ina mvinyo mwekundu mwepesi wa bei ya kawaida. Jirani yake imeandikwa Amarone della Valpolicella na bei imepanda mara kadhaa. Iko nyingine imeandikwa Ripasso, na pembeni kichupa kidogo cha Recioto, kitamu kama asali. Wengi hudhani tofauti ni zabibu au mashamba. Sivyo. Aina zote nne hutoka kwenye vilima vilevile na zabibu zilezile. Kinachozitenganisha ni kazi inayofanyika baada ya mavuno, na kubwa kuliko zote ni kuanika zabibu.

Valpolicella ni mabonde na vilima vilivyo kaskazini mwa jiji la Verona, katika mkoa wa Veneto. Magharibi kuna Garda, ziwa kubwa kuliko yote Italia, na kaskazini imesimama milima ya Lessini. Milima inazuia upepo wa baridi, ziwa linapunguza ukali wa majira, na ndiyo maana mizeituni na micheri hustawi huko ingawa Alpi haziko mbali. Usiku hewa baridi hushuka mabondeni, kwa hiyo zabibu huiva taratibu bila kupoteza uchachu wake. Udongo mwingi ni wa mawe ya chokaa, na baadhi ya vilima vina mabaki ya volkeno ya kale. Hofu ya mkulima ni mvua ya mawe, ambayo huweza kumaliza kazi ya mwaka mzima kwa dakika chache.

Anayeijua Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, akumbuke kwamba huku mavuno ni mara moja tu, kuanzia Septemba. Baada ya hapo mzabibu hupukutisha majani na kulala hadi machipuko. Baridi hiyo inayoulaza mzabibu ndiyo inayowezesha kazi ya kuanika.

Zabibu kuu ni Corvina. Kwa kanuni za sasa inachukua kati ya asilimia 45 na 95 ya mchanganyiko. Ganda lake ni gumu, lina harufu ya cheri na uchungu kidogo kama wa lozi, na ukakasi wake ni mdogo. Macho ya mwanzo ya tawi lake hayazai, hivyo tawi huachwa refu. Ndiyo sababu wakulima wengi bado wanaitandaza mizabibu juu ya vichanja vinavyoitwa pergola. Corvinone, yenye punje kubwa zaidi, ilidhaniwa kuwa ni namna ya Corvina hadi utafiti wa miaka ya 1990 ulipoonyesha kuwa ni mbegu tofauti kabisa. Leo inaruhusiwa kuchukua sehemu ya nafasi ya Corvina. Rondinella, asilimia 5 hadi 30, haina makeke: inavumilia magonjwa na inakusanya sukari vizuri. Molinara ilikuwa ya lazima zamani, sasa ni ya hiari.

Wakati wa mavuno, wachumaji huchagua kwa mkono vichala vizima ambavyo punje zake zimeachana. Kichala kilichobanana huficha unyevu katikati, na unyevu huzaa ukungu. Vichala hivyo hupandishwa kwenye ghala la juu liitwalo fruttaio, lenye madirisha pande mbili ili upepo upite. Zamani vilitandazwa kwenye majamvi ya matete yaliyotumika pia kufugia viwavi wa hariri. Siku hizi wengi hutumia makreti ya kina kifupi, safu moja tu kwa kila kreti. Siku kavu madirisha hufunguliwa, siku ya ukungu mzito hufungwa na mafeni huwashwa. Watu hupita wakinusa na kuondoa kila kilichooza. Hakuna jua hapa, zabibu hukauka kivulini kwa miezi mitatu hivi.

Mwishoni punje zimenyauka na uzito umepungua kwa theluthi moja au zaidi. Sukari imejikusanya, lakini si hilo tu: uchachu umelainika, ganda limebadilika na harufu mpya zimezaliwa, za matunda makavu na viungo. Kwa hiyo anayesema Amarone, unaotokana na zabibu hizi, ni mvinyo wa kawaida uliopunguzwa maji amekosa nusu ya habari. Kanuni zinaruhusu si zaidi ya lita 40 za mvinyo kwa kila kilo 100 za zabibu zilizovunwa, na hapo bei inaanza kueleweka.

Zabibu hizo husagwa katikati ya baridi, na hamira hufanya kazi polepole. Ikisimama sukari ikiwa bado nyingi, umepata Recioto, ambao ndio mkongwe. Cassiodorus, waziri wa Theodoric, mfalme wa Wagothi aliyetawala Italia, aliandika katika karne ya 6 kuhusu mvinyo wa zabibu zilizoanikwa eneo la Verona. Hamira ikila karibu sukari yote, umepata Amarone: mzito, mkavu (yaani usio na utamu wa sukari), wenye kilevi kisichopungua asilimia 14 na mara nyingi 15 au 16. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, katika ghala la ushirika huko Negrar, pipa la Recioto lilisahauliwa likaendelea kuchachuka hadi utamu ukaisha, na msimamizi wa ghala, Adelino Lucchese, alipoonja akaona ni kitu kipya. Leo Amarone hukaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, na ule wa Riserva miaka minne.

Ripasso huanzia pale Amarone inapokamuliwa. Machicha yanayobaki bado yana sukari, rangi na hamira hai. Mvinyo mchanga wa Valpolicella, wa zabibu zisizoanikwa, humwagwa juu yake, ukachachuka tena kwa siku kadhaa. Ni kama chicha la nazi lililokamuliwa tui zito: bado lina mafuta ya kutosha kunogesha kitakachopitishwa humo. Kampuni ya Masi iliuza mvinyo wa namna hiyo, Campofiorin, kuanzia mavuno ya 1964.

Kwa maoni yangu, anayeanza aanze na Valpolicella wa kawaida, uliopoozwa kidogo. Humo Corvina inajieleza yenyewe, bila kufunikwa. Amarone umependwa sana duniani, na kishawishi cha kuanika kila kichala ni kikubwa. Ndiyo maana kanuni zimeweka kikomo cha asilimia 65 ya mavuno, na miaka kadhaa kikomo hicho kimeshushwa zaidi.

Ukisoma lebo, neno Classico linamaanisha zabibu zimetoka kwenye wilaya tano za asili: Negrar, Marano, Fumane, Sant'Ambrogio na San Pietro in Cariano. Superiore ni Valpolicella wa kawaida uliokaa angalau mwaka mmoja na kufikia kilevi cha asilimia 12.