Salio la Bitcoin hutoka wapi?

Nahodha wa Shela, Lamu, aliyepeleka wageni kisiwa cha Manda Toto na kulipwa kwa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ataona tarakimu kwenye simu yake: satoshi 800,000. Satoshi ni kipande kidogo kabisa cha Bitcoin, na milioni 100 hufanya Bitcoin moja. Kwa mtu aliyelelewa na M-Pesa, ambayo tunayo tangu 2007, ni rahisi kudhani kuwa tarakimu hizo zimeandikwa mahali mbele ya jina lake, kama Safaricom wanavyoweka kila namba na salio lake. Hazikuandikwa popote. Lipekue daftari lote la Bitcoin tangu ukurasa wake wa kwanza wa Januari 3, 2009, na hutakuta hata mstari mmoja unaosema fulani ana kiasi fulani.

Kilichomo ni miamala tu: kiasi hiki kimetoka kwenye malipo yale, kimeenda kwenye anwani hii, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu wa kupokelea malipo. Pochi, yaani programu ya Bitcoin kwenye simu, hulisoma daftari hilo, hutafuta malipo yote yaliyoelekezwa kwenye anwani zake, huacha yale yaliyokwisha kutumiwa, kisha hujumlisha yaliyobaki. Jumla hiyo ndiyo salio. Hupigwa upya kila kunapoingia jambo jipya, na pochi yenyewe haina sarafu hata moja ndani yake. Kinachokaa pochini ni funguo za siri, zinazothibitisha kwamba wewe ndiye mwenye haki ya kutumia malipo hayo.

Tuseme zile 800,000 za nahodha zilitoka kwa wageni wawili, mmoja alituma 300,000 na mwingine 500,000. Daftarini hazichanganyiki, zinabaki vipande viwili. Sasa anataka kumlipa fundi wa mashua wa Matondoni satoshi 600,000. Hakuna kipande kimoja kinachotosha, kwa hiyo pochi inavichukua vyote viwili, na kipande kikishachukuliwa hutumika chote. Ni kama noti: humkatii muuza viazi karai pembe ya noti ya elfu, unampa nzima naye anakurudishia chenji. Tofauti ni kwamba huku chenji unajirudishia mwenyewe, ndani ya muamala uleule.

Basi muamala wa nahodha utasomeka hivi. Zinaingia 300,000 na 500,000. Zinatoka 600,000 kwa fundi na 198,000 kurudi kwa nahodha. Ukijumlisha utaona 2,000 hazionekani kwenda kwa mtu. Hiyo ndiyo ada. Haiandikwi kwenye mstari wake; ni ile tofauti ya kilichoingia na kilichotoka, na mchimbaji, yaani mwenye kompyuta zinazoshindania kuongeza kurasa za daftari, atakayeuingiza muamala humo ndiye huichukua. Pochi nzuri hukufanyia hesabu hii kimyakimya. Wako waliojaribu kuunda miamala kwa mkono, wakasahau kujirudishia chenji, na sehemu yote iliyobaki ikawa ada.

Mpango huu ni wa tangu mwanzo. Januari 12, 2009, Satoshi Nakamoto, muasisi wa Bitcoin ambaye hadi leo hajulikani ni nani, alimtumia mtaalamu wa kompyuta Hal Finney Bitcoin 10. Kipande alichokuwa nacho kilikuwa cha 50, kwa hiyo 40 zikarudi kwake. Ada haikuwapo.

Chenji ndiyo huwatia watu hofu bure. Pochi nyingi huirudisha kwenye anwani mpya, si ile uliyopokelea, ili mtu anayechungulia daftari, ambalo ni la wazi kwa dunia nzima, asiweze kufuata nyayo zako kwa urahisi. Ukiufungua muamala wako kwenye tovuti ya kuchungulia blokicheini, yaani daftari lenyewe, utaona 198,000 zimekwenda kwenye anwani usiyoitambua, na moyo utaruka. Ni yako. Pochi inaijua hata kama wewe huijui.

Ukibonyeza kutuma, pochi hutia saini muamala kwa ufunguo wa siri na kuurusha kwenye mtandao. Kompyuta zinazotunza nakala za daftari hukagua mambo mawili makubwa: saini ni sahihi, na vipande hivyo havijatumiwa tayari. Ukipita, unaingia foleni. Kwa wastani kila dakika 10 mchimbaji mmoja hufanikiwa kufunga bloku mpya, yaani ukurasa mpya wa daftari, yenye miamala aliyoichagua, na wachimbaji huanza na wanaolipa ada nzuri. Mpaka hapo simu ya fundi itasema malipo "yanasubiri", na asiyajengee chochote. Bloku ya kwanza ikishayabeba ni uthibitisho mmoja. Kwa fedha nyingi watu wamezoea kungoja sita, kama saa nzima.

Ada hupimwa kwa ukubwa wa data, wala haiangalii thamani ya fedha. Kutuma Bitcoin 5 kutoka kipande kimoja kunaweza kuwa rahisi kuliko kutuma malipo ya siku moja yaliyokusanywa kutoka vipande thelathini vya bahashishi. Kwa hiyo nahodha anayepokea vijisatoshi vidogo vidogo kila siku anajiwekea gharama ya baadaye. Kuna vipande vidogo kiasi kwamba ada ya kuvitumia huzidi thamani yake: vipo kwenye salio, lakini havina kazi.

Ukikosea namba ya M-Pesa unaupeleka ujumbe 456 na kuomba urudishiwe. Huku hakuna wa kumwomba. Anwani ina tarakimu za ukaguzi, kwa hiyo ukikosea herufi moja pochi karibu kila mara itakataa. Ila ukinakili anwani nzima ya mtu mwingine itakubali bila swali. Linganisha herufi za mwanzo, za kati na za mwisho.

Simu ikitumbukia katika mkondo wa Shela na Manda, salio halijaguswa. Pochi ilipofunguliwa ilikupa maneno 12 au 24 yaliyochaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048. Yaingize kwenye simu nyingine, funguo zitarudi na hesabu itapigwa upya. Anayekuomba maneno hayo, hata akijiita huduma kwa wateja, ni mwizi.

Programu za masoko ya sarafu ni jambo jingine kabisa. Salio la huko ni deni ambalo kampuni inakiri kuwa nalo kwako, na funguo wanazo wao. Soko la Mt. Gox lilipoanguka 2014 na lile la FTX mwaka 2022, wateja waliendelea kuona tarakimu wasizoweza kuzitoa. Kenya ilipitisha sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hizi mwaka 2025, lakini leseni haibadilishi nani ameshika ufunguo.

Si sarafu zote zina vipande na chenji. Ethereum, sarafu nyingine kubwa, huweka akaunti yenye salio, karibu na tulivyozoea. Lakini ukipokea USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, kwenye mtandao wa Tron bila kuwa na TRX, sarafu ya mtandao huo, unaweza kukwama nazo, kwa kuwa ada ya mtandao huo hailipwi kwa USDT.

Na salio likionesha sifuri ghafla, usikimbilie kufuta programu. Chukua anwani uliyopokelea, itafute kwenye tovuti ya kuchungulia blokicheini ya mtandao husika. Kama fedha zipo hapo hazijatumiwa, kasoro ni ya programu: pengine haijamaliza kusoma daftari, au umefungua akaunti au mtandao tofauti ndani ya pochi hiyohiyo. Kama zimetumwa, tovuti itakuonesha saa na anwani zilikokwenda.