Gundi ya lebo haihitaji petroli

Lebo imebanduka vipande vipande, na kwenye chupa limebaki lile tabaka linalonata na kudaka vumbi. Watu wengi hapo hukimbilia kitu kikali kuliko vyote walivyo navyo. Kazi yangu ni kuchagua viyeyusho, na ushauri wangu ni kinyume chake: anza na kilicho dhaifu zaidi, kisha kipe muda.

Gundi ya mbao hukauka ikawa ngumu. Ya lebo hutengenezwa makusudi isikauke. Ni polima laini, yaani kitu cha jamii ya plastiki, mara nyingi ya akriliki, au mpira uliochanganywa na utomvu wa kuongeza mnato. Ukiikandamiza hutiririka polepole sana, ikajaza mashimo madogo ya uso na kung'ang'ania hapo. Maana yake ni kwamba huna haja ya kuiyeyusha yote. Kimiminika kikishapenya, gundi huvimba, hulegea na kuachia, na mkono ndio unaomalizia.

Maji ya vuguvugu yenye sabuni yatangulie. Baadhi ya lebo za karatasi kwenye chupa na mitungi hubandikwa kwa gundi ya wanga au ya protini ya maziwa, na hizo zikilowekwa usiku kucha huanguka zenyewe. Karatasi ikitoka ukabaki na mnato, ujue una gundi ya akriliki au ya mpira, na maji pekee hayataiweza.

Zamu ya mafuta ya kupikia. Ondoa kwanza karatasi au plastiki yote inayoweza kutoka, la sivyo mafuta hayataifikia gundi. Yapake kwa wingi, uache nusu saa au saa nzima, halafu kwangua kwa ukingo wa kadi ya plastiki na uoshe kwa sabuni ya vyombo. Wengi wanaoniambia mafuta hayafanyi kazi waliyaacha dakika mbili tu. Kasoro yake ya kweli ni nyingine: huacha doa kwenye mbao isiyopakwa vanishi, karatasi na kitambaa.

Mafuta yakishindwa, au uso usipotakiwa kupata mafuta, natumia spiriti, yaani ethanoli au alkoholi ya isopropili. Hulegeza vizuri gundi nyingi za akriliki na haiachi utelezi. Gundi ya mpira kwa kawaida huitikia mafuta kuliko spiriti. Lakini plastiki angavu ya akriliki, ile inayofanana na kioo, inaweza kupata nyufa nyembamba kwa spiriti, kwa hiyo jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Ninapopima hatari ya moto naangalia namba moja: kiwango cha chini cha joto ambacho kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kuwaka ukikutana na cheche. Kwa mafuta ya kupikia yaliyosafishwa huvuka nyuzi 300 za Selsiasi. Mafuta ya taa huanzia takriban 38. Isopropili ni kama 12, asetoni karibu 20 chini ya sifuri, na petroli karibu 40 chini ya sifuri. Kwa maneno mengine, petroli iko tayari kuwaka hata kwenye baridi ya friza. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko lililo mbali na mahali unapofanyia kazi. Tena ina benzini, inayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ile sifa inayosifiwa, kwamba "inakauka haraka", ndiyo hatari yenyewe: kilichokauka kimehamia kwenye hewa unayovuta.

Namba hiyo haisemi kila kitu, hata hivyo. Dikloromethani, iliyotumika sana kubandulia rangi, haiwaki kirahisi, ila mwilini hugeuka kuwa kaboni monoksidi. Marekani ilipiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida vibandua rangi vyenye kemikali hiyo mwaka 2019. Na limonini, inayotoka kwenye maganda ya machungwa na kuuzwa kama "asilia", huondoa gundi vizuri sana, lakini ikikaa wazi hewani hugeuka kuwa kemikali zinazoweza kuleta mzio wa ngozi. Naitumia, nikiwa na glavu. Neno "asilia" kwenye chupa halinitulizi hata kidogo.

Asetoni, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha, naiweka kwa kioo na chuma tupu pekee, dirisha likiwa wazi na moto haupo. Polistirini, plastiki ya vifungashio vya povu jeupe, huyeyuka ukiiangalia, na vanishi huharibika. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu zikikutana hutengeneza klorofomu. Spiriti nayo iepushwe na klorini kwa sababu hiyo hiyo.

Mafuta ya taa yanaondoa gundi, sikatai, lakini sioni sababu ya kuyatumia pale mafuta ya kupikia yanapotosha. Hofu yangu kubwa kwayo ni chupa ya soda au ya maji ambamo watu huyahifadhi. Mtoto akinywa hata funda dogo, mafuta huteleza kirahisi hadi kwenye mapafu na kuyaunguza kwa ndani. Hilo likitokea usimtapishe, kwa kuwa kutapika huyapitisha mafuta karibu na njia ya hewa kwa mara ya pili. Mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na uende na chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa.