Unene Uliokithiri na Kinga ya Mwili: Maswali na Majibu

Je, mtu mnene si ndiye mwenye afya?

Dhana hiyo ina historia hapa Uganda. Katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea Rakai na Masaka, watu waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na tangu hapo wengi wetu huuona mwili mnene kuwa ushahidi wa uzima. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hata hivyo, mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.60 huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri anapofikia kilo 77 hivi.

Mafuta yanahusianaje na kinga?

Mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu. Seli zake hutoa homoni, ikiwemo leptini, ambayo licha ya kudhibiti njaa huathiri pia utendaji wa chembe nyeupe za damu. Seli hizo zinapojaa kupita kiasi, baadhi hukosa oksijeni na kufa, ndipo chembe za kinga ziitwazo makrofaji humiminika humo na kutoa kemikali zinazochochea inflamesheni, yaani mwako wa kinga ndani ya mwili. Hali hiyo huendelea chini kwa chini kwa miaka, bila homa wala maumivu, na ndiyo maana mwenyewe haishtukii; lakini chembe T, ambazo kazi yake ni kupambana na virusi, hudhoofika. Inflamesheni hiyohiyo huzuia insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, kufanya kazi yake, na hivyo kufungua njia ya kisukari.

Madhara yake yameonekana wapi?

Katika mlipuko wa homa ya mafua wa 2009, na tena wakati wa UVIKO-19, wenye unene uliokithiri walilazwa na kufariki kwa wingi zaidi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo huamsha kingamwili (protini zinazopambana na vijidudu) chache zaidi kwao, jambo ambalo si sababu ya kuikwepa.

Na kifua kikuu?

Hapa ukweli una pande mbili. Kwa ujumla wembamba ndio huugua zaidi, ila kisukari huongeza hatari hiyo mara mbili hadi tatu, kwa hiyo mnene mwenye sukari asijione yuko salama.

Je, kinga inaweza kurejea?

Kwa kiasi, ndiyo. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito hushusha inflamesheni. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke hayana kosa, isipokuwa sahani ikifurika. Mimi ningeanza na soda, kisha chapati za mafuta mengi zinazoviringishiwa mayai kila jioni. Anayetumia dawa za kisukari amwone kwanza mhudumu wa afya, kwa kuwa uzito ukipungua huenda dozi ikahitaji kubadilishwa.