Klachi ya Trekta Dogo: Pima Kabla ya Kulipasua

Masika yakikata, uwanja wa karakana yetu ya mafunzo hapa Dar es Salaam hujaa matrekta madogo kutoka Kigamboni, Chanika na Bunju. Mengi ni mitumba ya Japani: Kubota, Yanmar, Iseki. Wenyewe huja na hukumu tayari: "Klachi imekufa, fundi kasema tulipasue," yaani tulitenganishe trekta vipande viwili ili kuifikia.

Mmoja wao alikuwa mama anayelima mboga Kigamboni. Alishaulizia bei ya klachi pleti (sahani inayolika) na presha pleti (inayoibana sahani hiyo kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini) kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, na uso wake ulionyesha bei aliyotajiwa. Nikamwomba anipe nusu saa. Niliinama nikasukuma pedali kwa kiganja, maana mguu una nguvu mno kuhisi jambo dogo. Ilikuwa nzito tangu mwanzo, haina mchezo hata kidogo, yaani ile nafasi ya pedali kushuka kirahisi kabla haijaanza kuachisha klachi. Maana yake rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, ilikuwa inaegemea vidole vya presha pleti muda wote, kama mtu aliyesahau mguu juu ya klachi. Tukalegeza nati ya kufungia, tukazungusha fimbo inayoshuka kutoka kwenye pedali, tukapima kwa rula hadi mchezo ukafika milimita 25. Trekta likavuta. Pleti yake ilikuwa imelika, ndiyo, lakini bado ilikuwa na kazi ndani yake.

Matrekta mengi madogo ya Kijapani huhitaji mchezo wa milimita 20 hadi 30 kwenye pedali. Kipimo cha mwisho ni kile cha kitabu cha trekta lako. Pleti inavyolika, mchezo nao unapungua, kwa hiyo upime mara kwa mara, usingoje trekta lishindwe kuvuta.

Ninasisitiza hili kwa sababu trekta si gari. Halina chesisi iliyo peke yake. Injini na giaboksi ndizo mwili wenyewe. Kuifikia klachi ni kulikata trekta vipande viwili, kila kipande kikae juu ya stendi imara. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, na kipande kimoja kikiteleza kinaua mtu. Huendi huko kwa kubahatisha.

Kama unashuku klachi inateleza, simamisha trekta mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, unganisha pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, na uzikanyage, na asiwepo mtu mbele wala nyuma. Weka gia ya juu kabisa, ongeza moto kidogo, kisha achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izimike. Ikiendelea kunguruma na trekta limetulia, klachi inateleza kweli. Fanya mara moja tu, kwa sababu kila jaribio linaichoma.

Gia ikikwaruza wakati wa kuingia, kanyaga pedali hadi mwisho, hesabu mpaka tano, ndipo uingize. Ikiingia kimya, klachi yako ni nzima na tatizo ni mkono wa dereva. Giaboksi nyingi za matrekta haya ya zamani hazina sinkronaiza, kile kifaa cha kwenye gari kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia: lazima trekta lisimame kabisa ndipo ubadilishe. Vijana waliotoka kwenye daladala na bodaboda hubadilisha huku linatembea, na meno ya gia ndiyo yanayolipa. Lakini ikiendelea kukwaruza hata baada ya kuhesabu, klachi haiachii: mchezo umezidi, fimbo imepinda, au pleti imegandana na flaiwili kwa kutu.

Kugandana huku ni ugonjwa wa pwani. Trekta likilala miezi miwili chini ya mwembe kwenye unyevu wetu huu, pleti hushika. Dawa yake ni kinga: ukiliweka muda mrefu, kanyaga pedali na uifunge hapo chini kwa kipande cha mbao. Likishaganda, usiwashe injini likiwa kwenye gia ndani ya banda, maana litaondoka na wewe. Mwite fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, uwanja uwe wazi.

Sasa ingia chini ya trekta, injini ikiwa imezimwa. Matrekta mengi, ikiwemo Massey Ferguson za zamani, yana tundu dogo chini ya nyumba ya klachi, mara nyingi limening'inizwa kotapini ili lisizibe. Lisafishe matope kwa waya. Kikitoka kitu, kipake kwenye karatasi nyeupe. Oili nyeusi ni ya injini, na sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, imechoka. Oili nyepesi ya rangi ya asali inatoka giaboksi. Klachi pleti mpya juu ya sili inayovuja italowa kama ile ya kwanza, na hapo utakuwa umelipa mara mbili.

Angalia pia dipstiki ya giaboksi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia mpira uliochanika kwenye shina la rungu la gia. Kwenye matrekta mengi madogo oili hiyo hiyo ndiyo inayoendesha haidroliki, mfumo wa kunyanyua vifaa vya nyuma, kwa hiyo rotaveta (jembe la kuzunguka) ikianza kunyanyuka kwa kusuasua, anzia hapo. Imwage yote, badilisha filta, uweke aina iliyotajwa kitabuni. Oili nzito ya gia za malori itaitesa pampu.

Gia inayoruka yenyewe ukiwa kazini ni habari nyingine: hiyo ni springi au meno yaliyolika ndani, na marekebisho ya pedali hayatakusaidia.

Ikithibitika kwamba pleti imekwisha, usiende Gerezani na jina la trekta peke yake. Nenda na pleti ya zamani mkononi, upime kipenyo, uhesabu meno ya katikati, na uilaze juu ya mpya kabla hujatoa pesa.